Sauti ipo, picha hakuna: maisha na runinga ya bei nafuu

Sauti ipo, picha hakuna. Kaa asubuhi moja kwenye banda la fundi wa runinga, iwe Tandika, Manzese au Mbagala, utasikia maneno hayo yakirudiwa na wateja wasiojuana. Mama ameleta TV ya inchi 32 iliyofungwa kwa kanga. Kijana ameshuka kwenye bodaboda akiwa ameikumbatia ya kwake. Wote wanaeleza jambo lile lile: taarifa ya habari inasikika, mtangazaji anapiga kelele za goli, lakini kioo ni cheusi. Wengi huongeza kwa uchungu kwamba haijamaliza hata miaka miwili.

Fundi hababaiki. Anasogeza runinga mahali penye kivuli, anawasha tochi ya simu na kuielekeza karibu na kioo. Picha inaonekana kwa mbali, watu wanatembea gizani. Hapo amekwishajua. Kioo ni kizima, bodi ni nzima, kilichozimika ni taa za nyuma.

Kioo cha runinga bapa ya bei nafuu hakitoi mwanga wowote. Kina vinukta zaidi ya milioni moja, hata kwenye TV ndogo ya inchi 32, na kazi ya kila kinukta ni kuruhusu au kuzuia mwanga unaotoka nyuma yake. Mwanga wenyewe unatoka kwenye vitaa vya LED vilivyobandikwa juu ya vipande vyembamba vya alumini, viwili au vitatu, vilivyofichwa nyuma ya karatasi nyeupe za kutawanya mwanga. Vitaa hivyo vimeungwa kwa mfululizo. Umeme unapita cha kwanza ndipo ufike cha pili, kama ndoo za maji zinazopokezanwa mkono kwa mkono watu wanapozima moto. Mmoja akitoka kwenye mstari, hakuna ndoo inayofika. Kitaa kimoja kikikatika, vyote vinazimika, na familia nzima inabaki kusikiliza runinga yao kana kwamba ni redio.

Kwa nini kikatike mapema hivyo? Jibu ni joto. Ili TV iuzwe kwa bei ya chini, kiwanda hupunguza idadi ya vitaa. Ili ing'ae dukani na kumvuta mteja, vichache vilivyobaki husukumiwa umeme mwingi. Vinapata moto, alumini ni nyembamba mno haiwezi kuutoa wote, na mwaka wa pili kitaa dhaifu kuliko vyote kinasalimu amri. Runinga hutoka kwenye boksi mwanga ukiwa umewekwa kwenye kiwango cha juu kabisa, na katika nyumba nyingi hakuna anayeugusa tena.

Nimeanza na ubovu huu kwa sababu ninaamini mnunuzi wa runinga ya bei nafuu anapaswa kuanzia kwenye banda la fundi, kisha ndipo aende dukani. Dukani anaonyeshwa picha. Kwa fundi anaonyeshwa kitakachotokea. Kwa mtu ambaye fedha yake imetoka kwenye zamu ya mchezo wa akina mama, kwenye mgawo wa kikoba au kwenye mazao ya msimu mmoja, tofauti kati ya TV itakayodumu miezi 18 na ile itakayodumu miaka saba ni kubwa mno kuachiwa bahati.

Tumezoeshwa na runinga za chogo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri mpaka 1994, vituo vya CTN na ITV vilipoanza kurusha matangazo. Runinga zilizonunuliwa wakati ule zilikuwa nzito, zilikula umeme, na ziliharibika kama kitu kingine chochote, lakini fundi alizifungua, akabadilisha kifaa kimoja cha thamani ya nauli, zikarudi sebuleni. Ziko zilizorithiwa. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, chogo nyingi hazikutupwa. Zilifungwa king'amuzi kwa waya wa rangi tatu, zikaendelea na kazi. Kenya ilimaliza safari hiyo mwaka 2015, baada ya mvutano mkali uliozifanya stesheni kubwa kutoweka hewani kwa siku kadhaa. Runinga bapa zilipoanza kushuka bei hadi mtu wa kipato cha kawaida akazifikia, tulizipokea kwa matarajio yale yale tuliyokuwa nayo kwa chogo, wakati zimejengwa kwa namna nyingine kabisa.

Haya, twende Kariakoo.

Runinga mpya ya inchi 32 hupatikana huko kwa kati ya laki mbili na ushee na laki nne, kutegemea jina lililobandikwa na kama ni ya intaneti au ya kawaida. Muuzaji atakuita bosi, mama au dada yangu, kutegemea umri na mavazi, na atawasha mbele yako video ya matunda yanayodondoka kwenye maji. Video hiyo imetengenezwa kwa ajili ya duka. Rangi zake ni kali, mwanga wake ni mwingi, na hakuna runinga inayoonekana mbaya ikiichezesha. Mwombe kwa upole aizime, umpe flashi yako.

Flashi hiyo iandae nyumbani. Weka picha moja nyeupe tupu, moja nyeusi tupu, moja nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, na kipande cha mechi. Kwenye nyeupe utaona madoa, kona zenye giza na mistari hafifu ya wima. Kwenye nyeusi utaona mwanga unaovuja pembeni. Kwenye rangi tatu utaona vinukta vilivyokufa. Mechi itakuonyesha kama mpira ukipigwa kwa kasi unaacha mkia. Iache iwake kwa dakika 20 huku mkiongea bei, maana kuna ubovu unaojitokeza tu vitu vikishapata joto. Muuzaji anayejiamini ataruhusu. Anayekukataza kabisa kujaribu mzigo unaotaka kuulipia amekupa jibu unalolihitaji, na maduka mengine yapo hatua chache mbele.

Beba pia utepe wa fundi cherehani. Inchi za runinga hupimwa kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, kwenye kioo peke yake bila fremu. Inchi 32 ni takriban sentimita 81. Inchi 43 ni takriban sentimita 109. Upungufu wa sentimita moja ni wa kawaida katika biashara hii, lakini zaidi ya hapo unalipia kitu ambacho hakipo.

Kuna neno lingine la kulichunguza kwenye boksi, nalo ni 4K. Kioo cha 4K kina vinukta 3,840 kwa 2,160. Cha HD kamili kina 1,920 kwa 1,080. TV nyingi za bei ya chini za inchi 32 zina 1,366 kwa 768, na hilo si dhambi. Ukikaa mita mbili kutoka kwenye skrini ya ukubwa huo, macho yako hayatalalamika. Tatizo ni boksi lililoandikwa 4K kwa herufi kubwa huku karatasi ya ndani ikieleza kwamba runinga inaweza kupokea mawimbi ya 4K. Kupokea na kuonyesha ni mambo mawili. Usitoe hata elfu kumi ya ziada kwa ajili ya neno hilo kwenye runinga ya inchi 32.

Kuhusu zile za vioo viwili, ambazo wauzaji huziita dabo glasi, nina maoni yasiyowapendeza wote. Zimependwa Tanzania kwa sababu inayoeleweka: mtoto akirusha rimoti au gari la plastiki, kioo cha mbele kinapokea pigo na kile cha thamani kinabaki salama. Nyumba yenye watoto wadogo ina haki ya kuifikiria. Lakini kioo hicho cha ziada kinaakisi dirisha na balbu, kinaongeza uzito ukutani, na vumbi au unyevu ukiingia katikati ya vioo viwili hakuna kitambaa kitakachoufikia. Mwenye nyumba isiyo na watoto haihitaji.

Na jina? Hapa wengi hushangaa. Samsung iliacha kutengeneza vioo vya aina hii, LCD, mwaka 2022, na leo sehemu kubwa ya vioo hivyo duniani inatoka kwenye viwanda vya China kama BOE, CSOT ya kundi la TCL, na HKC. Kwa hiyo jina kubwa na jina dogo vinaweza kununua kioo kwenye kiwanda kimoja. Kinachoyatenganisha ni daraja. Kiwanda hupanga vioo kwa ubora. Vya daraja la kwanza vinakwenda kwa wanaolipa zaidi, na vyenye kasoro ndogo huuzwa kwa wanaotafuta bei. Baada ya hapo, mwagizaji wa Kariakoo au wa Luthuli, Nairobi, anaweza kwenda Guangdong, akachagua umbo, akaagiza kontena zima libandikwe jina analolitaka. Ndiyo maana mafundi wetu hufungua TV mbili zenye majina tofauti wakakuta ndani bodi ile ile, vitaa vile vile, hata rangi za waya zinafanana.

Jambo hilo lina upande wake mzuri, na ndio ninaotaka msomaji aushike. Runinga ambayo bodi yake inapatikana kwa wingi ni runinga inayotengenezeka. Kabla ya kulipa, piga picha ya karatasi iliyobandikwa nyuma, yenye namba ya modeli, umtumie fundi unayemwamini. Muulize swali moja tu: taa na bodi za hii unazipata? Kama jibu ni ndiyo, una mali. Kama anasema itabidi kuagiza nje, achana nayo hata kama picha yake inapendeza, maana siku ikizimika itageuka pambo.

Kisha risiti. Ya mashine ya EFD, yenye kiasi ulicholipa kweli, na kadi ya dhamana yenye muhuri wa duka na tarehe. Mteja anayekubali kupunguziwa elfu ishirini ili aondoke bila risiti ameuza dhamana yake kwa elfu ishirini. Yapo maduka yanayogonga muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na wananchi wengi huamini kwamba muhuri huo ndiyo sheria. Si hivyo. Sheria ya mauziano ya bidhaa inataka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi yake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamlinda mlaji. Runinga iliyozimika wiki ya tatu haikufaa kwa kazi yake. Rudi nayo, pamoja na karatasi zako, na useme hivyo kwa adabu na bila kusita.

Swali la king'amuzi cha ndani linahitaji tahadhari fupi. TV iliyoandikwa DVB-T2 ina uwezo wa kunasa matangazo ya dijitali ya antena, na yenye S2 inaweza kufungwa dishi. Lakini kunasa mawimbi hakumaanishi kufungua chaneli zote, kwani nyingi zinataka kadi ya kampuni ya kulipia. Uliza majirani wanashika nini kwa antena tupu mtaani kwenu kabla hujalipa zaidi kwa sababu ya herufi hizo.

Runinga za intaneti, zile tunazoziita smati, ndizo ninazozionea mashaka zaidi katika bei hizi. Nyingi zina kumbukumbu ya gigabaiti moja na hifadhi ya gigabaiti nane. Mwaka wa kwanza zinafungua YouTube bila shida. Mwaka wa tatu programu zimenenepa, hifadhi imejaa, na rimoti ukiibonyeza unasubiri. Nyingine zinatumia Android isiyo na kibali cha Google, hivyo Netflix inakataa kufunguka au inafunguka ikiwa imebanwa. Hatari ipo pia. Mwaka 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Doctor Web iliripoti kirusi kilichoingia kwenye visanduku vya Android vya runinga takriban milioni 1.3 katika nchi 197, na Juni 2025 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu vifaa vya bei rahisi visivyo na kibali vinavyouzwa vikiwa vimeambukizwa tayari. Kifaa cha namna hiyo kinakaa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, pamoja na simu unayotumia kutuma fedha.

Ushauri wangu ni nunua runinga ya kawaida yenye kioo kizuri na matundu mawili ya HDMI, halafu baadaye, ukijaaliwa, nunua kijiti au kisanduku chenye kibali cha Google uchomeke pembeni. Kikizeeka unabadilisha hicho kidogo, runinga inabaki. Na kabla ya yote piga hesabu ya bando. Filamu ya saa mbili kwa picha ya HD inaweza kumeza gigabaiti sita. Kwa picha ya kawaida ni kama mbili. Kwa familia inayotegemea hotspoti ya simu, hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama neno smati lina maana yoyote sebuleni kwao.

Umeme ni habari nyingine, na kwa upande wa matumizi ni habari njema. TV ya LED ya inchi 32 hula takriban wati 40. Ikiwashwa saa tano kila siku, mwezi mzima ni uniti 6 za Luku. Chogo ya inchi 21 ilikula karibu mara mbili ya hapo kwa kioo kidogo zaidi. Kwa kaya zilizo kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, runinga bapa haiwezi peke yake kuzitoa humo. Pasi na jokofu ndivyo vya kuangaliwa.

Hatari iko kwenye kukatika na kurudi. Umeme wetu ni wa volti 230 kwenye karatasi. Umeme ukirudi baada ya saa kadhaa, majokofu, feni na pampu za mtaa mzima huwaka kwa mkupuo, na volti zinapanda na kushuka kabla ya kutulia. Runinga ya bei kubwa ina vifaa vya kupokea mshtuko huo kwenye mlango wa bodi. Ukifungua baadhi ya zile za bei ndogo, utaona kwenye bodi nafasi zilizochorwa kwa ajili ya vifaa hivyo zikiwa tupu; kiwanda kiliamua kuokoa senti chache. Na kwa kuwa bodi za siku hizi zimeunganishwa kuwa moja, sehemu ya umeme, sehemu ya picha na sehemu ya kuendesha taa, mshtuko mmoja unaweza kuondoka na vyote.

Kwa hiyo kinga ya runinga, kile kifaa kinachochomekwa ukutani kwanza kisha TV inachomekwa kwake, si anasa. Kinakata volti zikishuka sana au zikipanda sana, na umeme ukirudi kinasubiri kwanza kabla ya kuuruhusu. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya runinga. Kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, shuka kwenye ukubwa wa kioo ununue na kinga. Bora inchi 24 iliyolindwa kuliko 32 iliyo uchi. Na umeme ukikatika, zimeni ukutani. Ile taa nyekundu ya kusubiri ina maana runinga bado imeunganishwa na kila kitu kinachotokea kwenye nguzo.

Siku ya kwanza TV ikifika nyumbani, kabla hata watoto hawajapiga makofi, ingia kwenye mipangilio ya picha. Tafuta palipoandikwa Backlight, ushushe kutoka 100 hadi 50 au 60. Usichanganye na Brightness. Katika runinga nyingi za kundi hili, hiyo ya pili inabadilisha weusi wa picha tu na haipunguzi hata tone la joto. Kwa dakika kumi za mwanzo utahisi picha imefifia. Kesho yake macho yatakuwa yamezoea, na sebule ya usiku haihitaji mwanga wa duka. Katika yote niliyoandika humu, hili halina gharama hata shilingi moja, na ndilo linaloongeza umri wa taa kuliko lolote. Menyu nyingine hazina kipengele hicho. Basi chagua hali ya picha ya kawaida badala ya ile ya kung'aa, ambayo kwa kawaida huandikwa Vivid au Dynamic.

Spika za TV nyembamba zimeelekezwa chini au nyuma, ni ndogo, na sauti yake ni ya kwenye kopo. Ndiyo maana sabufa iko karibu kila nyumba. Iwekwe mbali kidogo na runinga, isiwe juu ya rafu ile ile inayotikisika, maana mtikisiko wa kila siku hulegeza viungo vya ndani.

Vitambaa vya kufumwa ni uzuri wa sebule zetu na sina ugomvi navyo, ila kisiwepo kinachoziba matundu ya nyuma wakati runinga inawaka. Joto lile linalokata vitaa linatafuta kutoka kupitia hapo. Mijusi hupenda joto hilo pia. Fundi yeyote wa Dar atakuambia idadi ya bodi alizozikuta na mjusi aliyeungua akiwa ameunganisha sehemu mbili za umeme ambazo hazikupaswa kukutana. Mende huacha uchafu unaoshika unyevu. Wavu laini wa dirishani, uliokatwa kipande na kubandikwa kwa gundi juu ya matundu bila kuzuia hewa, unasaidia. Wanaoishi karibu na bahari, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, na Unguja na Pemba, wana adui wa ziada, hewa ya chumvi, inayootesha ukungu wa kijani kwenye viungo vya bodi. Huko ni vizuri kuiwasha runinga kila siku hata kidogo kuliko kuiacha imezimwa wiki nyingi chumba kikiwa kimefungwa.

Kioo kisifutwe kwa spiriti wala dawa ya madirisha. Kitambaa laini, maji kidogo kwenye kitambaa wala si kwenye kioo, na runinga ikiwa imezimwa na imepoa. Maji yakitiririka mpaka ukingo wa chini yanakutana na nyaya bapa zinazolisha picha, na hapo ndipo mistari ya wima inapoanzia.

Kuhusu kutundika ukutani, nina wasiwasi wa dhati na ukuta wa tofali za mchanga mwingi na saruji chache. Skrubu inaingia kwa urahisi, na kwa urahisi huo huo itatoka. Fundi atoboe kwa kina, atumie plagi za plastiki zinazobana, kisha aivute breketi kwa nguvu zake zote kabla ya kupachika TV. Anayeiweka juu ya kabati aifunge kwa kamba nyuma. Mtoto wa miaka miwili hujivuta kusimama kwa kushika chochote kilicho mbele yake, na runinga ikimwangukia, ya bei nafuu au ya bei ghali, madhara ni yale yale.

Kuna njia nyingine ya kupata TV, nayo ni ya mtumba, zile zinazoletwa kutoka Dubai na Uingereza, nyingi zikipitia Zanzibar. Watu wengi wanaziamini kuliko mpya, na si bure. Runinga ya jina kubwa ya miaka minane inaweza kuwa na bodi nzito, alumini pana na rangi ambazo mpya ya laki tatu haiwezi kuzifikia. Nimeziona zikidumu. Lakini taa zake zimekwishatumika saa nyingi, na zile za zamani zaidi hazina DVB-T2, hivyo zitahitaji king'amuzi. Za plazma za inchi 42 zinaweza kula zaidi ya wati 200. Mwenye Luku ajue hilo. Zaidi ya yote, muuzaji wa mtumba hutoa dhamana ya siku chache au hatoi kabisa. Anayenunua huko aende na fundi wake, amlipe kwa muda wake, aifungue mgongo palepale.

Na siku ikizimika, nawe ukasimama bandani ukisema sauti ipo, picha hakuna, kuna mambo ya kumwomba fundi. Abadilishe vipande vyote vya taa, si kitaa kimoja kilichokatika, kwa kuwa vilivyobaki vina umri ule ule na vitafuata. Apunguze umeme unaokwenda kwenye taa mpya; fundi mjuzi hufanya hivyo kwa kugusa kizuizi kimoja kwenye bodi, na taa zinaishi zaidi kwa kupoteza mng'ao kidogo. Akipanga upya karatasi za kutawanya mwanga, anawe mikono kwanza, maana alama ya kidole itakaa katikati ya skrini maisha yote. Kazi hii ikifanywa vizuri inagharimu sehemu ndogo ya TV mpya, na inarudisha runinga ile ile uliyoizoea.

Bodi ikiungua, Kariakoo inauza bodi za jumla zinazokubali vioo vya aina nyingi. Fundi anaipakia programu ya kioo chako kwa flashi, na runinga inawaka ikiwa na jina geni kwenye skrini na rimoti mpya. Usishtuke, hujabadilishiwa mali. Lakini kioo chenyewe kikipasuka, au mistari ikienea, bei ya kioo kingine inakaribia bei ya runinga nzima, na fundi mwaminifu atakuambia uache. Hata hapo usiitupe jalalani. Mafundi hununua runinga zenye vioo vilivyopasuka, kwa sababu bodi, taa, spika na waya zake ni vizima, na katika banda hilo hilo kuna TV nyingine iliyozimika inayovisubiri.

Msimu mkubwa wa mauzo uko njiani. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zimepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na kila mashindano makubwa yanapokaribia, watu waliokuwa wakitoa kiingilio kwenye kibanda umiza huamua kwamba safari hii watatazama nyumbani. Makontena huwasili, mabango ya punguzo hutundikwa, na mzigo wa haraka huingia pamoja na mzigo mzuri. Anayeweza kununua miezi michache kabla ya kelele hizo anunue. Atapewa muda wa kuijaribu kwa dakika zake 20, fundi wake atakuwa na nafasi ya kupokea simu, na kama kitaa kina kasoro, kitakatika dhamana ikiwa bado hai.